Kila Kitufe Kilijibu Ishirini na Nne

Siku hiyo ofisini tulikuwa wanne: mama aliyeuza ploti, ambaye nilimfanyia kazi, mwalimu mstaafu kutoka magharibi aliyepanga Kitengela na kutafuta pa kujenga Kisaju, mdogo wangu, aliyetoka kumaliza kozi ya kompyuta, na mimi, kifungua mimba wa nyumba isiyo na baba wala mama.

Shule niliiacha darasa la saba. Kompyuta nilifunzwa na mdogo wangu, Jumapili baada ya kanisa, kutoka kwa daftari lake. Kwa wiki tatu niliandika programu ya shamba la Kisaju alilokuwa akiligawa mama huyo: vitufe ishirini na vinne, safu nne za sita sita, kila kitufe ploti yake. Ukibonyeza, unaambiwa namba na kama iko wazi.

"Bonyeza, mwalimu," yule mama wa ploti akasema. "Ya nini kuzunguka na jua?"

Akabonyeza ya saba. Skrini ikaandika: Ploti 24, iko wazi. Ya kumi na mbili: Ploti 24, iko wazi. Akajaribu ya kwanza.

"Hii ishirini na nne imenipenda!" akacheka. "Basi nipe hiyo."

Kosa nililiona papo hapo. Nilivitengeneza vitufe nikihesabu moja hadi ishirini na nne, kisha vyote nikaviacha viisome hesabu ileile, nayo ilikuwa imesimama mwisho. Sikukipa kitufe chochote namba yake.

Mdogo wangu hakuwa anatazama kosa. Ploti ya mwisho ndiyo kona walipozikwa wazazi wetu. Nilipomuuzia mama wa ploti shamba hilo letu ili wadogo zangu wasome, nilimwambia kona ile nimeibakisha.

"Dada," akasema polepole, "mbona kona ya wazazi iko wazi?"

Yule mama wa ploti akainamia droo. Mwalimu akatutazama, akaondoa mkono kwenye mausi.

"Kuna watu wamelala hapo?"

"Baba na mama," nikasema.

"Basi mimi siwezi. Sichimbi msingi juu ya watu." Akachukua kofia yake.

Jioni nilirekebisha, mistari mitatu tu. Saba ikajibu saba. Nikabonyeza ya mwisho; ikasema yaleyale, iko wazi, maana nayo niliiuza. Mama wa ploti alikubali kutowaonyesha wateja kona hiyo hadi niikomboe, nami nikamwapia mdogo wangu kwamba nitairudisha. Hajawahi kuniuliza tena.

Paa za mabati zimeshafika ploti ya ishirini na tatu. Ile kona bado sijaikomboa.