Mwizi wa Kipande cha Mwisho

Mlango wa chumba cha kulala cha Mama Pasi haukuwa mlangoni. Ulikuwa sebuleni, umelazwa juu ya vigoda vinne, umefutwa mpaka unang'aa, na kule chumbani palitundikwa pazia tu. Wageni waliouliza waliambiwa mlango unaumwa mgongo. Ukweli ni kwamba mumewe aliung'oa mwenyewe mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa sababu meza yao ilikuwa ndogo na wote wawili walikuwa wamepatwa na kichaa cha kuunga picha za vipande.

Mume huyo alikuwa fundi bomba, na mtaa mzima ulimwita Koleo kwa sababu ya vidole vyake. Nati iliyoshikwa na kutu miaka kumi aliifungua kwa vidole vitupu. Aliwahi kupeana mkono na mwenye nyumba mmoja mkorofi, na pete ya yule bwana ikawa bapa kama sarafu, akaivaa hivyo hivyo mpaka kufa. Mama Pasi naye alikuwa mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, shuka mia mbili kwa siku, mvuke usoni, miguu imevimba kama mikate. Kichaa chao kilitoka huko. Siku moja iliteremka foronya chafu, na alipoikung'uta zikamwagika karatasi ngumu zilizokatwakatwa, kila kipande kina ulimi wake na tundu lake. Mgeni aliyevisahau alikwisha kuondoka. Boksi halikuwepo, picha ya kutazamia haikuwepo. Akavirudisha kwenye foronya akaenda navyo nyumbani, kwa utani tu.

Walikaa miezi miwili wakijenga mlima. Koleo aliapa kwamba ni mlima jua linapozama. Mama Pasi alisema mlima gani huo usio na hata jiwe, hilo ni jangwa. Wakanuniana juu ya jambo hilo siku nne, chakula kikawekwa mezani bila neno. Siku picha ilipokaribia kwisha, ule mlima ukaota masikio. Kumbe ni upara wa mzee aliyesinzia kwenye kiti! Mama Pasi alicheka mpaka akalala sakafuni, na jirani akaja mbio kuuliza nani amekufa.

Tangu hapo kila boksi lililoingia ndani ya nyumba ile lilitolewa kifuniko chake chenye picha, kikatupwa kabla hakijaangaliwa na mtu. Kutazama picha kwanza walikuona ni sawa na kumfungulia mtu barua yake. Mama Pasi alianza na rangi, akatenga nyekundu huku na kijani kule. Koleo alianza na kingo. "Huwezi kutia maji kabla hujajenga tangi," alimwambia. Mkewe akamjibu, "Na tangi lisilo na maji ni la nini, fundi?" Basi walikaa hivyo, goti kwa goti, redio imezimwa. Mtu anageuza kipande kimoja mara ishirini, anakisukuma hapa kinakataa, pale kinakataa, halafu ghafla kinakubali: tak. Hiyo tak Mama Pasi aliipenda kuliko kusifiwa. Alisema inamkanda mgongo.

Halafu kulikuwa na wizi. Wizi aliuanzisha Koleo kwenye upara ule ule wa kwanza. Alitaka yeye ndiye aweke kipande cha mwisho, kwa hiyo akakiiba kimoja mapema na kukificha. Mkewe alikitafuta siku tatu. Alifagia, akafua mapazia, akamwaga gunia la mchele na kuuchambua punje kwa punje, mpaka Koleo akakitoa nyuma ya sikio na kukibandika kwa kidole kimoja, kama mtu anayebonyeza kengele. Ikawa ndiyo sheria ya nyumba: anayeweka cha mwisho haoshi vyombo wiki nzima. Na kila mmoja akawa mwizi. Mama Pasi alisukia kimoja ndani ya nywele zake, akaenda nacho mazishini, akalia nacho, akarudi nacho. Koleo alificha chake ndani ya bomba la jirani, ikabidi jirani akae bila maji mpaka jioni ili fundi ashinde. Mwisho wa mwaka mmoja, picha mbili walizounga zilipokwisha, zilikuwa na matundu sita, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukiri.

Ikapita miaka thelathini na moja.

Halafu vidole vya Koleo vikabaki vilivyo, ila mwenyewe akaanza kwenda. Mwanzoni alisahau majina, na hilo halikumtisha mtu, hata alipokuwa kijana alimwita kila mtu "mkubwa". Kisha akasahau barabara ya kurudi. Kisha asubuhi moja akaamka, akachukua mkoba wake wa vifaa, akafungua mabomba yote ya nyumba, moja baada ya jingine, kazi safi kabisa, akayapanga kwa urefu kwenye kochi. Mama Pasi aliamshwa na viatu vyake vilivyokuwa vikielea. Koleo alikuwa amesimama kwenye maji, anajipangusa mikono, anamwambia, "Mama, mwenye nyumba akija mwambie bomba zake zimeoza."

Binti yao wa pekee, mwenye duka la dawa, alikuja siku ile ile akavua viatu mlangoni akapita majini.

"Mama, basi. Ipo nyumba nzuri ya kutunzia wazee. Wana wauguzi, wana uzio. Nimekwisha zungumza nao."

"Uzio? Baba yako ni mbuzi?"

"Mama, jana kaniita dada. Kaniuliza kama nina watoto. Mimi! Wiki ijayo atafungua gesi. Utalala usiamke, na mimi nitamwambia nani?"

Mama Pasi akakamua kitambaa ndani ya ndoo, akakikamua tena wakati hakina kitu. Alijua binti anasema kweli. Alijua pia kwamba mumewe akipelekwa kule atakuwa amekwisha kabisa, maana mtu akiondolewa mahali alipozoea, anashikilia nini?

"Tuwekeane sharti," akasema. "Namtolea picha moja. Akiiba kipande, anabaki hapa hapa, na huo uzio wako uniwekee mimi dirishani. Asipoiba, Jumamosi njoo na gari. Sitafungua mdomo."

"Mama, mtu hapimwi kwa kipande cha karatasi."

"Wewe dukani kwako unapima watu kwa mkojo. Niache mimi nipime kwa karatasi."

Binti akacheka bila kupenda, kisha akafuta macho. Akakubali, kwa sababu alikuwa mtoto wa nyumba ile na yeye mwenyewe aliwahi kumeza kipande akiwa na miaka mitano ili baba asishinde.

Jumatano hiyo hiyo, mchana, Mama Pasi akatoa boksi la vipande mia moja. Zamani picha ya mia moja wangeiita kiburudisho cha kusubiria chai. Akavimwaga juu ya mlango. Hakuvihesabu, aliogopa kuvihesabu. Koleo akaketi, akavitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Mama Pasi akashika kimoja cha ukingoni, akakiweka mbele yake.

Vidole vikajongea vyenyewe. Vikakigusa kile kipande, vikatafuta cha pili, vikavisogeza. Tak.

"Eeh!" akasema Koleo.

"Eeh nini?"

"Kimeingia."

Mama Pasi akageuza uso upande wa dirisha kwa muda. Alhamisi kingo zote nne zilikuwa zimefungana, na mzee alikuwa anapiga mluzi. Ungeapa kwamba amepona. Alimgombeza mkewe, "Usinichanganyie kijani na bluu, bibi," na mkewe akajibu, "Bibi yako nani, mzee mzima wewe?" na wakacheka, na Mama Pasi akampigia binti simu kumwambia aiuze ile nafasi ya nyumba ya wazee kwa mtu mwingine.

"Kaiba?" binti akauliza.

"Ataiba. Macho yake nayajua."

Ijumaa akaanza kumpa nafasi. Mwizi hawezi kuiba akiangaliwa. Akaenda jikoni kuweka maji, akagongagonga sufuria ili Koleo ajue yuko mbali. Akarudi, akakohoa kabisa kabla ya kuingia. Akatazama mifuko ya shati: bapa. Akatazama soksi. Akatoka tena, akasema kwa sauti kubwa, "Naenda kuanika nguo, nitachelewa!" wakati hakuna nguo hata moja iliyofuliwa. Akasimama uani, mikono mitupu, mbele ya kamba tupu. Jirani akamuuliza anaanika nini. "Hewa," akajibu. Akahesabu mpaka mia mbili, akajilazimisha kuhesabu mia nyingine.

Ndani Koleo akaita, "Mama! Njoo uone!"

Akaingia mbio. Picha ilikuwa bustani, ina benchi na miavuli miwili. Ilikuwa nzima isipokuwa tundu moja katikati ya mwavuli mwekundu, na kipande chenyewe kilikuwa pale juu ya mlango, wazi, kimesogezwa upande wa kiti cha Mama Pasi.

"Kimoja kimebaki," akasema Koleo, amefurahi, amestarehe. "Weka wewe, mama. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Katika miaka thelathini na moja mtu yule hakuwahi kumwachia cha mwisho. Mama Pasi akatamani amtukane. Akatamani amkamate mabega na kumwambia iba, mwizi wewe, nakuomba, iba mbele yangu nitafumba macho. Badala yake akasema, "Nitakiweka baadaye," na akaenda jikoni akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Jumamosi asubuhi, kabla gari halijafika, alifanya jambo ambalo mwanamke mwongo kama yeye alipaswa kulifanya vizuri zaidi. Alikichukua kile kipande, na alipokuwa akimfunga mumewe vifungo vya shati, akakidondosha ndani ya mfuko wa kifuani. Kisha akaketi, mikono mapajani, kama mtu mwema.

Binti akaingia, akasimama mbele ya mlango uliolazwa. Akaona tundu. Uso wake ukafunguka mpaka ukawa wa yule mtoto wa miaka mitano. Alikuwa akitaka kushindwa, masikini, kuliko hata mama yake.

"Kaficha?"

"Si nilikwambia! Muulize mwenyewe."

Binti akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, anacheka. "Wewe mwizi wewe! Umekiweka wapi? Toa!"

Koleo akamtazama, akamtazama na mkewe. Furaha haikumfikia. Neno moja tu ndilo lililomfikia.

"Mimi si mwizi," akasema.

"Baba, nakutania tu..."

"Mimi ni fundi. Naingia nyumba za watu, wananiachia funguo. Sijachukua hata sindano." Akasimama. "Nikagueni. Nikagueni wote."

"Keti, mume wangu," akasema Mama Pasi. "Hakuna aliyeibiwa. Keti."

Lakini alikuwa amekwisha kugeuza mifuko ya suruali, mmoja, wa pili, vitambaa vyeupe vikaning'inia nje. Akatia vidole kwenye mfuko wa shati. Akakitoa kile kipande chekundu, akakishika mbele ya macho yake. Machozi yakamtoka mtu yule kama bomba lililokatika nati, bila sauti, yakashuka mpaka kidevuni. Akamsogelea Mama Pasi, akaunyoosha mkono.

"Nisamehe, mama. Sijui kimeingiaje. Mume wako akirudi, tafadhali usimwambie. Watanifukuza kazi."

Mama Pasi akakipokea. Akajaribu kusema ni mimi niliyekiweka, ni mimi mwizi, na maneno akayasema kabisa, moja baada ya jingine, mbele ya binti yake. Binti aliyasikia. Koleo aliendelea kuomba msamaha.

Hakuna aliyetaja sharti. Binti akachukua mkoba wa nguo uliokuwa umepangwa tangu Jumatano nyuma ya pazia, maana Mama Pasi aliupanga siku ile ile aliyoweka sharti. Koleo alipoona mkoba umebebwa, akajipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Tunaondoka? Kazi hapa imekwisha?"

"Imekwisha, fundi," akasema Mama Pasi. "Umeifanya vizuri sana."

Akaitikia kwa kichwa. Kizingitini akageuka, akatazama sakafu asije akawa ameacha tope, kama alivyofanya kwenye nyumba za watu maisha yake yote.

"Likivuja tena uniite. Usimpe kazi mtu mwingine, mama. Hii nyumba naijua."

"Nitakuita."

Binti akamshika mkono wakashuka ngazi, yeye mbele, mzee nyuma, akikanyaga kila ngazi mara mbili. Mama Pasi aliwasikia mpaka chini. Akasikia mlango wa gari, kisha gari lenyewe. Akabaki amesimama pale pale, na kipande kimemchora alama kwenye kiganja.