Korongo wa Watu

Juzi, bwawani nje ya Tabora, vijana wanaojitolea kurekodi ndege wanaohama walinionyesha kwa darubini korongo mwenye pete mguuni.

Nikakumbuka kwetu Usoke, harufu ya bani la kukaushia tumbaku na udongo uliolowa. Nilipokuwa mtoto, korongo kama huyo alitua shambani, kaka akavuta manati.

"Acha!" mama alifoka. "Huoni ana alama? Ndege wa watu huyo."

Nilielewa, maana hata kuku wetu tuliwafunga uzi mguuni. Mchana kutwa nikawa nakimbilia njiani kumtazamia mwenyewe. Ndege akaruka kabla mwenyewe hajaja. Nililia, nikiwaza tutamjibu nini.

Sasa najua pete ni ya watafiti wa mbali.

"Tutawaandikia kwamba tumemwona, mama," kijana mmoja aliniambia.

"Waambieni na yule wa Usoke hatukumgusa."