Moto Iwe Upande Gani

Mume wangu alifia kazini, kwenye gereji ya malori kule Hima, mchana, akiwa ametoka kula. Moyo tu. Tulimzika kwao Kyondo, na mama yake akateremka nami Kasese ili nisikae peke yangu. Wiki chache baadaye koki ya bafu ilinikatikia mkononi. Maji yakaruka kutoka ukutani, nami nikasimama nikiyatazama, gauni limelowa lote, mpaka mama mkwe akaja kunivuta na jirani akakimbia kufunga maji nje.

Tangu hapo tukaoga kwa beseni. Mimi sikujali. Sikuwa najali kitu, hata kama mchuzi umetiwa chumvi. Lakini mama mkwe alikuwa na magoti ya mtu aliyebeba kahawa mlimani maisha yake yote, na kilichomsaidia ni kusimama chini ya maji ya moto ya lile tangi linalopashwa na jua juu ya paa. Hakulalamika. Nilimwona tu akishika ukuta kila anapotaka kuinama.

Koki ya namna ile niliikosa Kasese, nikaenda kuitafuta Bwera. Mwenye duka aliponiuzia akanionyesha na fundi: mwanamke wa makamo, Mkongo, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anapiga nyuzi, ile mikato ya kukazia kiungo, kwenye kipande cha bomba. Kesho yake asubuhi alifika kwangu na mfuko wa vyuma begani.

Alivunja vigae sita, akachimba mpaka mabomba yakaonekana. Mume wangu ndiye aliyeyafunga, mwaka tulipojenga. Kila kiungo alikizungushia katani ili kisivuje, akakipaka rangi nyekundu.

"Huyu mutu alikuwa fundi?" akauliza.

"Wa malori."

"Inaonekana. Amekaza kama tairi."

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, akacheka kidogo. Kicheko chake nilikisikia kama kinatoka nyumba ya pili.

"Mama, iko njia mbili," fundi akaniambia. "Chuma hii naweza kuikata, napiga nyuzi mupya, naweka yunioni, kiungo ya kufunguka. Siku koki ikikufa tena, unafungua tu. Lakini chuma yenyewe imekulwa na kutu. Ao natoa yote, naweka plastiki ile ya kuunga na moto. Ile ikishikana, imeshikana. Haifunguke, lakini haivuje."

"Yoyote."

"Mimi sifungi yoyote." Akaweka spana chini. "Nikiziba ukuta, mimi naenda kwetu. Wewe ndiye unabakia nayo."

Akanisubiri. Nilijaribu kufikiri mume wangu angechagua ipi. Hakikuja kitu, si sauti yake wala uso wake. Nikatazama ile kutu.

"Isiyovuja," nikasema.

"Bon, sawa."

Akaanza kutoa vyuma kimoja kimoja, akivipanga sakafuni. Katikati ya kazi akasimama, akashika bomba moja, kisha lingine. "Lakini hapa alikosea. Moto iko kuume, baridi iko kushoto. Kila mahali moto inakuwaka kushoto. Nirudishe namna inatakiwa, ao niache?"

Nilijua. Wote tulijua. Kwa miaka yote tangu tuhamie tulifungua kulia kupata moto, na wageni walikuwa wakiungua.

"Acha ilivyo," mama mkwe akasema kutoka mlangoni.

Fundi akanitazama mimi.

"Rudisha inavyotakiwa."

Mama mkwe akainuka polepole, akatoka uani. Nilijua nimemuumiza. Nilijua kama mtu anavyojua leo ni Alhamisi.

Fundi alimaliza jioni, akatuambia tusiguse saruji mpaka ikauke. Wakati wa kula mama mkwe aliinamia sahani yake tu. Ugali ulipoisha ndipo nikamwambia, "Mama, mwanao mwenyewe ndiye aliyesema. Siku ukuta ukivunjwa, atarekebisha."

Akanitazama. "Hata mimi aliniambia. Kila nilipokuja," akasema. "Nilikuwa namwita mvivu." Akafuta macho kwa pindo la kitenge, kisha akachukua sahani zote mbili, yake na yangu, akaenda kuziosha.

Saruji ilipokauka, yeye ndiye aliyetangulia kuoga. Nilikaa kwenye kigoda nje ya mlango, nikihofia asiteleze. Maji yalikwenda, yakaenda. Halafu akaita, "Mwanangu, njoo unisugue mgongo."

Nikaingia na nguo zangu. Mvuke ulikuwa umejaa, naye amesimama wima, hakushika ukuta. Nikapaka sabuni, nikasugua kuanzia mabegani kushuka chini, pale kamba za magunia zilipoacha alama. Ngozi yake ilikuwa ya moto chini ya kiganja changu. Hilo nililihisi. Nikaendelea kusugua hata sabuni ilipokwisha, naye hakuniambia niache.