Asubuhi Tulipopalilia kwa Mama Lupe

Usiku wa kuamkia safari sikupata usingizi, kwa sababu nilikuwa nimedanganya bila kusema uongo. Ofisa utamaduni wa wilaya aliniuliza kama nakijua Kihispania. Nikajibu, "Kidogo." Akacheka, akamwambia mwenzake kwamba wasomi wa chuo kikuu hupenda kujishusha, akaniandika mkalimani. Kihispania changu chote kilikuwa kijitabu cha mtumba nilichonunua Mwanza, kimechanika kurasa za mwisho. Nilijiuliza mpaka jogoo akawika: niende nikaumbuke, au nikatae nibaki na shahada yangu kabatini?

Miaka ile serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia Bariadi, na ofisa aliahidi kuniombea nafasi kwa mmoja wao, mradi kikundi kirudi kimeridhika nami. Kikundi chenyewe kilikuwa cha ngoma ya majembe, watu wanane, wakulima wote, walioalikwa kucheza katika sikukuu ya mji mmoja wa pwani huko Meksiko. Kiongozi wao alikuwa Masanja, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Neno lake moja kwa ofisa lingetosha kunipa kazi au kuninyima.

Nikaenda.

Kutoka Bariadi hadi Mwanza tulipanda basi, kisha ndege tatu nisizotaka kuzikumbuka. Katika uwanja mmoja wa Ulaya askari walituzuia kwa ajili ya majembe. Nikawaeleza kwa Kiingereza kwamba ni ya kuchezea ngoma, wakataka kuona, na Masanja akarusha jembe juu, likazunguka mara mbili, akalidaka kwa mpini. Askari wakapiga makofi. "Msomi wetu anaongea na wazungu kama anaongea na shangazi yake," alisema mwimbaji wa kikundi, Mayu Holo, yaani Mama Holo kwa Kisukuma, ambaye kwa umri angeweza kuwa mama yangu na aliniita mtoto wake tangu siku ya kwanza. Nilifurahi, halafu nikaogopa zaidi.

Saa kumi na moja jioni tulifika ule mji, baada ya basi kutushusha milima siku nzima. Alitupokea mwanamke wa miaka thelathini hivi, jina lake Rosa, anayefanya kazi hotelini na anayejua Kiingereza vizuri. Tungelala kwa mama yake. Alitufikisha mlangoni, akaniambia zamu yake ya usiku inaanza, atarudi asubuhi. Akakimbia. Nilimtazama akiondoka kama mtu anayetazama basi lake likimwacha.

Tangu turudi, watu huniuliza kwanza habari za bahari. Ilikuwa hatua hamsini kutoka nyumba ile. Masanja alichota maji kwa kiganja, akayaonja, akatema. Sisi ziwa letu kule Lamadi unaoga na unakunywa humo humo.

"Maji yote haya," alisema Mayu Holo, "na ng'ombe atakufa kiu pembeni yake."

Mchangani walikuwapo watu wamelala chali, karibu uchi, macho yamefumbwa.

"Hawa ni wagonjwa?"

"Hapana, mayu. Wamepumzika."

"Wamechoka na kazi gani?"

Nikamwonyesha njia ya kurudi nyumbani.

Magharibi ilipoingia, mama yake Rosa, ambaye sote tulimwita Mama Lupe, alituwekea chakula uani. Alikuwa mdogo wa umbo, mgongo umeanza kupinda, na alitushika mashavu mmoja mmoja kama watoto waliotoka bwenini. Mayu Holo alipiga goti kumwamkia. Mama Lupe naye, bila kujua sababu, akapiga goti, wakabaki hivyo wanatazamana na kucheka mpaka Masanja akawainua. Tulikula maharage yenye harufu ya jani fulani geni, na mikate ya mahindi, myembamba na ya duara.

"Huu ni ugali uliokanyagwa na lori," alisema Mayu Holo, akiongeza wa tano.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kishamba cha mahindi, na katikati ya mistari majani yamejaa, marefu hadi magotini. Masanja alikitazama wakati wote wa kula.

"Msomi," alisema, "muulize kama anaishi na kijana wa kumlimia."

Niliweza kuuliza kuhusu mwana. Mama Lupe akatikisa kichwa kukataa.

"Basi mwambie kesho alfajiri tutampalilia. Hatuwezi kula kwa mama mtu mzima na kuliacha shamba lake hivi. Muulize kama anaruhusu."

Wote wakanitazama. Nikasema "mahindi" na "kesho" kwa Kihispania, nikaonyesha majembe. Mama Lupe alijibu kwa maelezo marefu, akicheka, akionyesha shamba, akionyesha sufuria ya maharage, akitikisa kidole. Sikuelewa chochote. Ningeweza kusema hivyo, maneno mawili tu. Badala yake nikasema, "Amekubali. Anashukuru sana."

Alfajiri niliamshwa na wimbo. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja kama shambani Bariadi, ngoma ndogo ikilia polepole, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Nilipotoka walikuwa wanamaliza. Shamba lilipendeza, udongo umegeuzwa, mahindi yamesimama peke yake, na majani yote yamerundikwa pembeni. Hewa ilikuwa na harufu kali kama ya mafuta ya taa. Niliijua. Ilikuwa ya maharage ya jana.

Mama Lupe alitokea mlangoni na sufuria tupu mkononi. Alitazama shamba, akatazama lile rundo, akaenda kuinama mbele yake. Akaokota mche mmoja, akaupangusa udongo kwa aproni ya kiunoni. Ngoma ikanyamaza.

"Kuna nini?" aliuliza Masanja.

Ndipo Rosa akaingia getini, bado amevaa sare ya hoteli. Alizungumza na mama yake, kisha akanigeukia kwa Kiingereza. Yale yalikuwa majani ya mboga, alisema. Mama yake huyauza sokoni, na aliyaotesha kwa ajili ya sikukuu. Tena jana aliwaambia wageni wayaache. Kwa nini wamefanya hivi?

Nikawatafsiria wenzangu. Masanja akaweka jembe chini.

"Mwambie kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeanza mstari. Hawa walinifuata."

Nilisimama katikati yao. Rosa hakujua Kiswahili, wenzangu hawakujua Kiingereza, na kila neno lililopita pale lilipita kwangu. Ningetafsiri hivyo hivyo alivyosema Masanja, na isingekuwa hata uongo. Rosa angeamini, Masanja asingejua kamwe, na kazi yangu ingekuwa salama. Niliyapima hayo yote, maana ndivyo nilivyo, huku yule mama akiendelea kupangusa mche wake na Masanja akiwa ameinamisha kichwa mbele ya nyumba ya watu.

Nilianza na Rosa. Nikamwambia wao waliomba ruhusa, mimi sikuelewa jibu, nikajitungia la kwangu. Halafu nikawageukia wenzangu, nikayarudia kwa Kisukuma, lugha niliyoiacha nyumbani tangu nianze chuo, maana kwa Kiswahili ningepata pa kujificha.

Mayu Holo alishika kinywa. Masanja alinitazama, na usoni mwake sikuona huruma.

"Kwa hiyo jana wote tulikuwa mabubu, na wewe ukiwamo," alisema.

"Ndiyo, baba."

Akachuchumaa kando ya lile rundo, akachagua mche ambao mizizi yake ilikuwa nzima, akaunyanyua. "Muulize huyo binti kama yakirudishwa sasa, kabla ya jua, yatashika. Na kina chake ni vidole vingapi."

Nikamuuliza Rosa. Rosa akamuuliza mama yake, akanijibu haraka haraka, kuna kitu kuhusu maji na kivuli. Wenzangu wanane wakanisubiri, majembe mkononi.

"Samahani," nikamwambia Rosa, "sijaelewa. Naomba urudie."