Bua la Ng'ombe wa Jirani

Mwaka ambao baba alifariki nilikuwa na miaka saba, na njaa ilianzia hapo. Juzi mjukuu wangu Mercy alinisomea daftari lake la sayansi. Eti unga wa mahindi na mabua yake, vyote ni sukari iliyoungana kama mnyororo, ila imeungana tofauti. Tumbo la mtu linaweza kuufungua mnyororo wa unga. Ule wa bua linashindwa, lakini ng'ombe ana vijidudu tumboni vya kumsaidia.

Mimi niliyajua hayo bila daftari.

Mchana mmoja mama alienda kulimia watu Shinyalu ili alipwe unga. Nilimngoja nikizunguka, mara njiani, mara jikoni kwenye majivu baridi. Ng'ombe wa jirani alikuwa akitafuna mabua makavu, kraa, kraa, mnene mpaka anang'aa. Nikajua wakubwa wanatuficha kwamba mabua ni chakula. Nikachomoa bua moja, nikatafuna, nikameza. Lilinuka vumbi. Fizi zilitoka damu, kisha tumbo likaanza kunikata.

Mama alinikuta nimejikunja mlangoni.

"Umekula nini wewe?"

"Mabua. Ng'ombe anashibanga."

"Haya, kesho nitakukamua maziwa."

Lakini alikuwa na unga kwenye leso. Harufu ya ugali ilipopanda, miguu yangu iliyozunguka mchana kutwa ikatulia.

Leo nina ekari mbili, ghala la mahindi, na ng'ombe watatu. Mabua yote ni yao. Mimi sigusi.