Toba ya Kasanda kwa Pombe Asiyoinywa

Itangazwe kwa Wakristo wote wa Kamina, wanaotoa zaka na wanaokohoa sahani ikipita: ini la ndugu yetu Kasanda, mgeuza njia za reli wa stesheni, limeanguka katika dhambi ya ulevi! Mashahidi ni macho ya njano kama mawese, na tumbo linalofika kila mahali kabla ya mwenyewe. Kwa hiyo kanisa limemtoa kwenye kwaya na kumnyima Meza ya Bwana, mpaka atubu.

Shida moja tu. Kasanda hakuwahi kuonja lutuku, gongo la kwetu, hata kwa ncha ya ulimi. Vita vilimkuta akinywa maji, na vita viliendelea akinywa maji. Alichopata ni sindano za Abner, daktari wa kujipachika, aliyetibu mtaa mzima kwa bomba moja, akilichemsha siku mojamoja pamoja na mayai yake.

Damu ya Kasanda ilipelekwa kupimwa Lubumbashi. Majibu yalikaa njiani miezi miwili, maana treni zilikuwa za wanajeshi. Delphine, muuguzi, alimsomea kwa sauti ya chini.

"Papa Kasanda, mu damu yako iko bidudu bya namna mbili. Moja njo sida, ukimwi. Ya pili, hépatite C, inakula maini. Ingekuwa peke yake, pengine ungezeeka nayo. Sasa sida imelegeza balinzi ba mwili, ile ingine inakula mbio."

"Na dawa?"

Delphine alikunja karatasi. "Huku kwetu, hapana."

Nyumbani alimweleza mkewe, Kapinga, yote mawili. Kapinga akawaka: "Peleka karatasi kwa pasta! Aone weye hauko mulevi!"

"Na ile neno ingine, ataisoma macho ya kufunga?"

 Beseni la mikate ya Kapinga lilikuwa mlangoni, bado la moto. Stesheni nzima iliinunua. Watoto wanne waliishi kwayo. Mlevi akitubu hupigiwa makofi. Mke wa mgonjwa wa sida, nani atakula kilichotoka mikononi mwake?

Jumapili Kasanda alishikwa mabega, akapelekwa hadi mbele ya kanisa. Akakiri lutuku, vikombe kwa vikombe, miaka kwa miaka, mpaka walevi wa kweli kule nyuma wakamtazama kwa heshima. Kapinga alilia, akina mama wakamsifu kwa machozi ya furaha.

Pasta akainua mikono. "Ndugu Kasanda! Shetani wa chupa amekimbia! Ambia bantu ba Mungu, sasa unasikia nini mu roho?"

Kasanda alifikiri kidogo.

"Kiu, pasta."