Wamechangia Harusi Yetu, Kadi Wananyimwa

Admin, jina langu lifiche, na jina ninalofanyia kazi pia sitaliandika, maana nikilitaja nusu ya mlioko humu mtanijua. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Misugusugu huku Kibaha. Nimechoka, jamani. Siyo uchovu wa kulala ukaamka umeisha.

Kazi yangu inachekesha ukiniona nilivyo. Zamani nilikuwa nauza tiketi kwenye mageti ya matamasha, na kila mnunuzi nilimwomba anwani yake ya barua pepe. Aliyependa aliandika. Taratibu wakawa wengi. Siku hizi kila Alhamisi nawaandikia barua moja: wikiendi hii muziki uko wapi, klabu gani ina DJ mzuri, tamasha gani wasiende maana vyoo vyake ni aibu. Wenye klabu wananilipa niwatangaze, wenye matamasha wananipa changu kwa kila tiketi inayopita kwangu, hata mama mmoja muuza supu ananilipa, maana watu wakitoka kucheza wana njaa mbaya. Sipokei hela ya kusifia pabaya, ndiyo maana barua zangu zinafunguliwa. Hiyo ndiyo inasomesha wanangu, kwa sababu mshahara wa mume wangu unaliwa na mkopo. Mimi mwenyewe disko nililiacha kabla sijazaa.

Wakwe zangu wako Kisarawe, ni watu wa kanisa kweli kweli. Kazi yangu hawajawahi kuipenda. Mama mkwe akiulizwa nafanya nini, hujibu, "Anaita watu kwenye pombe kwa kompyuta." Nimelisikia jibu hilo mpaka nimelizoea.

Sasa mdogo wake mume wangu anaoa. Kamati ikaundwa, vikao vikafanyika kwa mama mkwe, ahadi nyingi hela hakuna, na mwenye ukumbi akaanza kusumbua. Kwenye kikao kimoja mama mkwe akanigeukia mbele ya watu wote.

"Mwanangu, hao watu wako si wana mishahara? Waandikie na wao wachangie."

Nikamwambia, "Mama, wale siyo ndugu zetu. Walinipa anwani zao kwa ajili ya muziki."

"Kwani harusini hakuna muziki?"

Watu wakacheka. Mimi nilikataa. Lakini tukirudi nyumbani mume wangu akawa ananibembeleza kila siku, "Mke wangu, usiniaibishe kwetu," mpaka nikaona bora niandike nipumzike. Nikaandika ukweli mtupu: mimi ni mtu wa familia, shemeji yangu anaoa, tumekwama, anayeweza anishike mkono. Nikaweka namba ya mweka hazina, ambaye ni wifi yangu. Nilitegemea matusi, na nilitegemea watu wajiondoe kwenye barua zangu kwa wingi.

Walichanga. Wachache walijiondoa, ila waliochanga walikuwa wengi kuliko ndugu. Kuna kaka mmoja ambaye sijawahi kumwona kwa macho, akaniandikia, "Dada, miaka yote unatualika kwa watu. Leo umetualika kwako." Nikalia jikoni, vitunguu vikanisaidia kujificha. Nikamjibu yeye na wenzake wote kwamba kadi zao nitawatumia mimi mwenyewe. Nani hajui kwamba mtu akichangia harusi anapewa kadi?

Ukumbi ukalipwa. Kikao kilichofuata kilikuwa cha kugawa kadi, nami nikafika na majina ya watu wangu. Nikamwamkia mama mkwe, akaitikia vizuri tu. Nilipotoa majina, shemeji yangu mkubwa, ambaye ndiye mwenyekiti, akayasukuma pembeni.

"Shemeji, hawa tuwatumie ujumbe wa shukrani. Mungu atawalipa."

Nikauliza, "Na kadi zao?"

Mama mkwe akadakia, "Walevi hao niwakalishe wapi? Meza moja na mchungaji?"

Nikamwambia walevi gani, mama, wale ni manesi, wahasibu, walimu, wengine wako ofisi za mkoa kule Kibaha na Jumatatu wanawahi kazini kama mwanao. Akasema mtoto wake haoi mbele ya wahuni. Nikasema kama hela yao nayo ni ya kihuni, basi irudishwe. Wifi akasema imeshatumika. Kisha mwenyekiti akaomba tufunge kwa sala, na mimi ndiye nikaambiwa niiongoze.

Mume wangu anasema ninyamaze, harusi ipite, watu watasahau. Hajui watu wangu. Yeye anaona ni anwani tu kwenye kompyuta, lakini wale wananisikiliza kwa sababu sijawahi kuwadanganya. Wakijua niliwachangisha nikawafungia mlango, Alhamisi sina wa kumwandikia, na ada za watoto sijui nitazitoa wapi. Na hata wasingekuwa riziki yangu, ningeona aibu vilevile. Nikiwaalika kwa nguvu, mama mkwe atawatoa nje mbele ya ukumbi mzima, na ndoa yangu sijui kama itabaki. Nimefikiria na mimi nisiende, nikae nao nje getini, kama nilivyoanza kazi.

Harusi ni Jumamosi hii. Leo dada mmoja kati yao kaniandikia akiwa kwa fundi. Ameshanunua vitambaa vya rangi mbili tofauti kwa sababu hakuwa na uhakika, anauliza sare yetu ni ipi ili fundi aanze kukata.

Sijamjibu mpaka sasa. Na wewe dada wa vitambaa, kama uko humu unasoma, nisamehe. Ndugu zangu, niambieni, nimwambie fundi akate ipi?